Si Kila Weusi ni Kutu: Somo la Kusafisha na Kurejesha Sufuria ya Alumini

Utangulizi

Ukimuuliza mtu kwa nini sufuria yake ya alumini imegeuka nyeusi kwa ndani, yamkini atakujibu kuwa imeshika kutu. Jibu hilo lina makosa mawili. Kosa la kwanza ni la kikemia, kwa kuwa kutu ni zao la chuma na alumini haina chuma cha kushika kutu. Kosa la pili ni la kiisimu, kwa kuwa neno kutu limetwishwa mzigo usiokuwa wake. Makala haya yanadai kuwa kosa la pili ndilo linaloleta hasara. Anayeuita weusi huo kutu ataukabili jinsi anavyoikabili kutu ya panga au jembe, yaani kwa mchanga, kwa msasa na kwa nguvu za mkono. Atasugua hadi jasho limtoke, sufuria itang'aa kwa siku mbili, kisha weusi utarudi na sufuria itakuwa imepungua unene.

Huenda msomaji akashangaa kuona mada ya jikoni katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Tangu Katiba ya mwaka 2010 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Kenya pamoja na Kiingereza, tumesema mengi kuhusu uwezo wa lugha hii kubeba sayansi. Uwezo huo hauthibitishwi kwa kaulimbiu. Lugha isiyoweza kumweleza mtu namna ya kusafisha sufuria yake bila kuiharibu haiwezi kudai kwamba itamfundisha kemia darasani. Kwa hivyo tutafanya mambo mawili kwa pamoja: tutajifunza kuirejesha alumini iliyofubaa, na tutapima iwapo msamiati tulio nao unatosha kazi hiyo.

Jina la Sufuria na Metali Iliyobadilika

Tuanze na jina la chombo chenyewe. Neno sufuria lina uhusiano na neno la Kiarabu litajalo shaba, nyekundu na ya manjano. Kwa maneno mengine, jina hili halikuzaliwa na alumini. Alumini ni metali changa katika maisha ya binadamu. Ilitenganishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1825 na Hans Christian Ørsted wa Denmark, na ilibaki kuwa ghali mno hadi mwaka 1886, wakati Charles Martin Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa walipogundua, kila mmoja kivyake, njia ya kuizalisha kwa umeme. Baada ya hapo bei yake ilishuka, na kwa kuwa ni nyepesi na hupitisha joto upesi, ikaingia jikoni na kuichukua nafasi ya shaba. Jina la chombo likabaki, metali ikabadilika.

Mbinu za kusafishia nazo hurithiwa pamoja na jina. Vyombo vya shaba husafishwa kwa vitu vichachu kama vile ndimu na ukwaju, na pia kwa majivu. Shaba hustahimili yote hayo. Alumini haistahimili yote. Uchachu, ukitumiwa kwa kiasi, huirejesha. Majivu yenye unyevu huifubaza. Hivyo basi, nusu ya urithi wetu ni dawa na nusu yake ni sumu kwa metali hii. Ili kujua nusu ipi ni ipi, hatuna budi kuielewa alumini yenyewe.

Ngozi Isiyoonekana

Alumini tuionayo kwa macho si alumini tupu. Mara tu inapokwaruzwa na kukutana na hewa, huungana na oksijeni na kujifunika kwa utando mwembamba wa oksidi. Utando huo una unene wa nanomita chache tu, na nanomita moja ni sehemu moja ya milimita iliyogawanywa mara milioni moja. Licha ya wembamba huo, utando huu ni mgumu, hushikamana na metali na huizuia hewa isiendelee kuila. Katika makala haya tutauita ngozi ya alumini.

Hapa ndipo alumini inapotofautiana na chuma. Kutu ya chuma ina vinyweleo na hubanduka. Kila inapobanduka, chuma kipya hufunuliwa na kuliwa. Kutu hula mwenyeji wake, ilhali ngozi ya alumini humlinda. Kuyaita mambo haya mawili kwa jina moja ni sawa na kumwita mlinzi mwizi kwa sababu wote wawili hukaa mlangoni usiku.

Hata hivyo, ngozi hii ina maadui. Hudumu vizuri katika maji ambayo kipimo chake cha pH kiko kati ya 4 na 8.5 hivi. Chini ya hapo asidi huiyeyusha, na juu ya hapo alkali huiyeyusha. Katika jikoni zetu, adui mkubwa ni alkali. Magadi, yatokayo katika ziwa lenye jina hilo huko Kajiado, ni mchanganyiko wa kaboneti na baikaboneti ya sodiamu. Wapishi huyatia katika maharagwe, githeri na mboga za kienyeji ili zilainike upesi. Katika sehemu za magharibi mwa Kenya, maji yaliyochujwa katika majivu hutumiwa kwa lengo hilo hilo, na majivu hayo yana kaboneti ya potasiamu. Isitoshe, maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa huwa na baikaboneti ya sodiamu hata kabla ya mpishi kutia chochote. Maji hayo yanapochemka, sehemu ya baikaboneti hugeuka kaboneti na ukali wa alkali huongezeka. Ngozi ya awali huliwa, na mahali pake hujengeka ngozi nyingine nene, yenye maji ndani yake na chembechembe za madini yaliyokuwamo katika maji. Ngozi hiyo mpya ndiyo tuionayo kama weusi, na mara nyingi huishia palepale maji yalipofikia, kana kwamba mtu amechora mstari.

Aina Nne za Uchafu na Majina Yake

Kabla ya kushika kitambaa, msafishaji anapaswa kujua anachokisafisha. Kiswahili kinatupa majina yafuatayo, na kila jina lina dalili yake.

Masizi ni weusi wa moshi unaoshika nje ya sufuria, hasa iliyopikiwa kuni. Ukigusa kwa kidole, kidole hutoka kikiwa cheusi.

Ukoko ni chakula kilichoungua na kugandamana chini ya sufuria. Ukipitisha ukucha, utahisi kingo zake.

Weusi wa ngozi, kwa jina tulilolipendekeza hapa, ni ule wa ndani unaoletwa na maji na alkali. Kidole hutoka safi na ukucha hauhisi chochote, kwa sababu hakuna kilichoganda juu ya metali. Ni ngozi ya metali yenyewe iliyobadilika.

Ulikaji ni hali ya metali kuliwa hadi kuwa na vishimo vidogo, ambavyo mara nyingi huwa na unga mweupe. Huletwa zaidi na chumvi, kwa mfano chakula chenye chumvi nyingi kikilala ndani ya sufuria, au hewa ya bahari ikikaa muda mrefu juu ya fremu ya dirisha huko Mombasa. Dawa za klorini za kung'arishia nguo huleta madhara hayo hayo.

Msomaji atatambua kuwa kati ya majina haya manne hakuna kutu. Atatambua pia kuwa majina mawili ya kwanza ni ya kale na yamo katika kinywa cha kila mtu, ilhali mawili ya mwisho yanahitaji kuelezwa. Pengo la msamiati limetokea palepale ilipotokea metali mpya.

Namna ya Kurejesha

Kwa masizi, dawa ni maji ya moto, sabuni na subira. Sufuria iloweshwe kwa muda, kisha isuguliwe kwa kitambaa kigumu au sifongo. Kinga ni bora zaidi. Wapishi wengi wa kuni hupaka nje ya sufuria sabuni ya mche iliyoloweshwa, au udongo laini, kabla ya kuiteleka. Masizi hushika juu ya sabuni badala ya kushika metali, na baada ya kupika hutoka kwa kusuuza tu.

Kwa ukoko, tia maji yafunike sehemu iliyoungua, chemsha kwa moto mdogo, kisha ukwangue kwa mwiko wa mbao. Usiukwangue kwa kisu. Kisu hakichagui kati ya ukoko na alumini, na kila mkwaruzo hugeuka mfereji ambamo chakula cha kesho kitashika.

Weusi wa ngozi ndio unaohitaji maarifa. Maadamu umeletwa na alkali, dawa yake ni asidi hafifu, nayo tunayo sokoni. Ndimu na limau zina asidi ya sitriki, siki ina asidi ya asetiki, na ukwaju una asidi ya tatariki. Utaratibu ni huu:

1. Osha sufuria kwa sabuni kwanza ili kuondoa mafuta, kwa kuwa asidi haipenyi mafuta.
2. Jaza maji hadi yapite mstari wa weusi.
3. Kwa kila lita ya maji tia maji ya ndimu mbili au tatu, au vijiko viwili vikubwa vya siki, au konzi ndogo ya ukwaju. Maganda ya ndimu zilizokwisha kukamuliwa pia hufaa.
4. Chemsha kwa dakika 10 hadi 15. Weusi utaanza kufifia wenyewe.
5. Mwaga maji hayo. Yasitumiwe kwa chakula wala kinywaji, kwa maana yamebeba alumini iliyoyeyuka.
6. Sugua kwa sifongo laini, suuza kwa maji safi, kisha pangusa hadi sufuria ikauke.

Hatua ya mwisho hupuuzwa mara nyingi. Maji yanayoachwa kukauka yenyewe huacha madini yake juu ya metali, na hayo huwa mwanzo wa madoa mapya. Ikiwa weusi uko pia kwa nje, chovya kitambaa katika siki ya moto, kipitishe juu ya metali, kisha suuza mara moja.

Ulikaji hauna dawa ya kuurudisha nyuma, kwani metali iliyoliwa haipo tena. Panapowezekana, kama vile kwenye fremu au kipande cha mashine, fundi huweza kusawazisha uso kwa msasa wa maji, akianza na namba ndogo yenye chembe kubwa na kuishia na namba kubwa yenye chembe laini, kisha akang'arisha kwa dawa ya metali na kitambaa. Sufuria ya kupikia yenye vishimo vingi haifai kusawazishwa hivyo, inafaa kustaafishwa.

Tuzingatie vitenzi vilivyotumika hapo juu: kulowesha, kukwangua, kusugua, kusuuza, kupangusa, kusawazisha, kung'arisha. Kila kimoja kinataja kitendo tofauti, na anayekosea kitenzi hukosea kazi. Mwanafunzi anayeandika safisha katika kila sentensi hajatoa maelekezo, ametoa matumaini.

Alumini Nje ya Jiko

Fremu za madirisha na milango huonekana kama sufuria, lakini nyingi zimefanyiwa kazi ya ziada kiwandani. Baadhi zimenenepeshwa ngozi kwa umeme, na nyingine zimepakwa rangi ya unga iliyookwa. Kuzisugua kwa waya au kuzipaka ndimu ni kuliondoa tabaka ambalo mnunuzi alililipia. Zioshwe kwa maji na sabuni hafifu tu, na katika miji ya pwani zioshwe mara kwa mara ili chumvi isikae.

Wajenzi nao wana somo lao. Saruji mbichi ni alkali kali. Tone la saruji likidondokea fremu na kuachwa likauke, litaacha doa la kudumu hata likibanduliwa baadaye. Fremu zifunikwe wakati wa kupiga lipu, na tone likidondoka lifutwe kwa maji mara moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta; hapa, usipofuta tone utanunua dirisha.

Tahadhari

Jambo la kwanza ni magadi ya kiwandani yaitwayo kostiki soda, ambayo hupatikana katika baadhi ya dawa za kuzibua mabomba. Yakikutana na alumini huila kwa kasi na kutoa joto pamoja na gesi ya haidrojeni, inayoweza kulipuka. Yasitumiwe kamwe kuisafisha alumini, wala yasitiwe katika chombo chake. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, lakini dawa ya alkali si alkali zaidi.

Jambo la pili ni kuchanganya dawa. Siki au ndimu ikichanganywa na dawa ya klorini hutoa gesi ya klorini, ambayo hudhuru mapafu. Chombo kilichosafishwa kwa moja kisuuzwe vizuri kabla ya kuguswa na nyingine, na bora zaidi klorini isikaribie alumini kabisa.

Jambo la tatu linahusu sufuria za kusubu zinazotengenezwa kwa vyuma chakavu vya kila aina. Uchunguzi wa sufuria za aina hiyo nchini Kamerun, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kuwa baadhi yake hutoa madini ya risasi zinapochemshiwa asidi hafifu. Risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Mtu asiyejua asili ya metali ya sufuria yake asipikie humo vyakula vichachu, na asidhani kuwa mng'ao ni ushahidi wa usalama.

Je, Mng'ao ni Usafi?

Hapa tunafikia swali lililo chini ya somo zima. Katika nyumba nyingi sufuria inayong'aa ni cheti cha mwenye nyumba, na msichana hupimwa kwa jinsi anavyosugua. Mchanga, majivu na waya huwa vifaa vya kupatia sifa. Lakini kemia inatuambia jambo lisilotarajiwa: weusi wa ngozi wenyewe si sumu. Ni ngozi nene kuliko ile ya kawaida, na ngozi nene hupunguza kiasi cha alumini kinachoingia katika chakula. Anayeisugua kila siku huiondoa kinga hiyo kila siku, kisha hupika mchuzi wa nyanya juu ya metali iliyo uchi.

Hatusemi kuwa alumini ndani ya chakula ni jambo la kupuuzwa. Kamati ya pamoja ya wataalamu wa FAO na WHO iliweka mwaka 2011 kiwango cha miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa wiki kuwa kikomo kinachovumilika kutoka vyanzo vyote. Tunachosema ni kwamba njia ya kupunguza kiasi hicho si kusugua zaidi. Ni kutohifadhi vyakula vichachu au vyenye chumvi nyingi ndani ya alumini usiku kucha, kupunguza magadi, na kuuondoa weusi kwa ndimu pale tu unapokera macho au sufuria inapohitaji sura nzuri. Masizi na ukoko ni uchafu, nao hauna budi kutoka. Weusi wa ngozi ni sura tu, na sura husubiri.

Hitimisho

Tumeona kuwa aina nne za uchafu huhitaji tiba nne, na kuwa neno moja lililotumiwa kwa zote limewafanya watu waisugue metali iliyokuwa ikijilinda. Kiswahili hakikushindwa, masizi, ukoko, kukwangua na kusuuza vilikuwapo tangu zamani. Kilichokosekana ni majina mawili ya hali mpya, na nidhamu ya kutumia kila neno mahali pake. Jukumu hilo ni letu sisi tunaosoma lugha hii. Tunapoliacha kutu liwe jina la kila weusi, wanaolipa ni wale wanaoosha vyombo.

Maswali ya Kujadiliwa

1. Je, weusi wa ngozi ni istilahi inayofaa, au pana neno katika lahaja ya Kiswahili au katika lugha yako ya kwanza linaloweza kupanuliwa maana na kuchukua nafasi yake?
2. Linganisha matumizi ya neno kutu katika usemi wa watu wa kwenu kwa chuma, shaba na alumini. Ni wapi maana imepanuka, na ni kwa faida au hasara gani?
3. Andika maelekezo ya kusafisha chombo kimoja cha nyumbani kwa kutumia vitenzi visivyopungua vitano, bila kutumia kitenzi safisha hata mara moja.